Filamu za Mizimu na Mtoto Anayeanguka

Jioni ya Jumamosi katika kibanda cha video cha Tandika, Mbagala au Tandale haina tofauti kubwa na ile ya wiki iliyotangulia. Mabenchi ya mbao yamejaa, feni moja inazunguka, na mbele ya watazamaji anaonekana binti aliyeanguka sakafuni. Macho yamegeuka, meno yameumana, mikono na miguu inatikisika, povu linamtoka kinywani. Sauti ya mtafsiri, iliyowekwa juu ya lugha ya kigeni, inawaeleza waliokaa kwamba jini amepanda. Daktari mwenye koti jeupe anaingia, anampima, anatikisa kichwa na kuondoka. Baadaye anakuja mzee mwenye kibuyu, au mchungaji mwenye Biblia mkononi, na kabla filamu haijaisha binti amesimama akiwa mzima. Kwenye benchi la mbele wamekaa watoto wa darasa la tatu na la nne, ambao mlangoni hakuna aliyewauliza umri.

Siku chache baadaye mtoto mwenzao anaanguka katika uwanja wa shule. Macho yanageuka vilevile, mikono inatikisika vilevile, povu linatoka vilevile. Watazamaji wadogo wa Jumamosi hawana haja ya kuuliza ni kitu gani, kwa kuwa jibu wamekwisha kupewa. Wanakimbia. Mara nyingi mtu mzima aliye jirani naye anasita, kwa sababu jibu alilonalo ni lilelile.

Hapo ndipo filamu za kutisha zinapotoka katika burudani na kuingia katika afya ya jamii. Hoja ya makala haya si kwamba filamu hizo zipigwe marufuku, wala kwamba wanaozipenda ni wajinga. Hoja ni nyembamba zaidi, na kwa hiyo inaweza kufanyiwa kazi: filamu hizi zimezichukua dalili za magonjwa halisi ya ubongo, zikazivisha jina la jini, kisha zikafundisha kwamba hospitali haina la kufanya. Anayelipia mafunzo hayo ni mtoto mgonjwa anayecheleweshwa nyumbani.

Hadithi za kutisha hazikuletwa Dar es Salaam na kanda za video. Kabla ya umeme kufika Temeke, mabibi walisimulia habari za mazimwi yanayomeza watu na za majini wa baharini wanaowapenda binadamu. Hadithi hizo zilikuwa na kazi yake: zilimfundisha mtoto asitembee usiku peke yake, asimfuate mgeni, asidharau onyo la mkubwa. Mtoto aliogopa akiwa amekaa karibu na bibi yake, na hadithi ilipokwisha bibi alikuwa bado yupo. Hofu ya namna hiyo haikumdhuru.

Kilichobadilika ni chombo na kasi yake. Filamu ya Nigeria iitwayo Living in Bondage, iliyotoka mwaka 1992, ilifungua njia ya mamia ya filamu za video zenye utajiri wa kafara, vyama vya siri na mashetani wenye sura za wanawake warembo. Zilipofika Afrika Mashariki zilikuta watafsiri wa vibandani, kina Derek Mukandala aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, waliozisimulia kwa Kiswahili chenye utani na vionjo vya mtaani. Mtafsiri anapokutana na pepo wa Kiigbo au mungu wa kale wa Misri, hutumia neno lililo karibu: jini, mzimu, shetani, msukule. Kwa neno hilo moja mungu wa mbali huhamia Mbagala. Watengenezaji wa hapa nchini nao hawakukaa kando. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Mussa Banzi alitoa Nsyuka, filamu ambayo jina lake limetoka kwa Wanyakyusa wa Mbeya, na baadaye Shumileta, yenye jini wa kike. Mwaka 2011 Steven Kanumba alitoa Devil Kingdom, akicheza pamoja na Ramsey Nouah wa Nigeria. Kazi hizo ziliuzika kwa sababu zilizungumza na hofu ambazo watazamaji walikuwa nazo tayari: mali isiyojulikana ilikotoka, ndoa isiyo na mtoto, kifo cha ghafla cha kijana.

Ni haki ya msanii kuzisema hofu hizo. Tatizo linaanza pale jini asiyeonekana anapohitaji kuonekana. Mwongozaji lazima ampe mwili wa binadamu, na mwili anaoukuta tayari kwa kazi hiyo ni wa mgonjwa wa kifafa. Degedege la mtoto mwenye homa hutumika namna hiyohiyo. Kuona vitu na kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, dalili za maradhi makubwa ya akili, hugeuka mazungumzo na kuzimu. Kwa njia hiyo karibu kila dalili ambayo muuguzi wa zahanati amefundishwa kuitambua kama dharura, mtazamaji wa filamu amefundishwa kuitambua kama pepo.

Kosa hili ni la zamani mno. Yapata miaka 2,400 iliyopita, katika Ugiriki ya kale, kiliandikwa kitabu kuhusu kifafa ambacho huhesabiwa miongoni mwa maandiko ya Hippocrates. Wakati huo kifafa kiliitwa ugonjwa mtakatifu, na wapungaji walikuwa na orodha kamili ya miungu. Mgonjwa akitoa sauti kama ya mbuzi au akisaga meno, mhusika alikuwa Mama wa Miungu. Akilia kwa sauti kali kama ya farasi, alikuwa Poseidon, mungu wa bahari. Akitokwa povu na kurusha miguu, alikuwa Ares, mungu wa vita. Akishtuka usiku na kuruka kitandani, alikuwa Hecate. Mwandishi wa kitabu hicho aliikataa orodha yote. Alisema ugonjwa huo una chanzo cha kimaumbile kama magonjwa mengine, kwamba makao yake ni ubongo, na kwamba walioupachika jina la miungu walifanya hivyo ili kuficha kwamba hawakuwa na dawa. Anayeitazama orodha ile na kuilinganisha na majini wa vibandani ataona kwamba majina yamebadilika, lakini dalili ni zilezile.

Sayansi ya leo inaeleza zaidi. Chembe za ubongo huwasiliana kwa umeme mdogo. Kundi kubwa la chembe hizo linapotoa umeme kwa pamoja na bila mpangilio, mwili hukakamaa, hutikisika, na fahamu hupotea. Povu si kitu kingine ila mate ambayo mgonjwa hawezi kuyameza kwa wakati huo. Chanzo kinaweza kuwa jeraha la kichwa, mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, malaria kali iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, au mabuu ya tegu wa nguruwe yaliyofika katika ubongo. Wakati mwingine chanzo hakipatikani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 50 duniani wanaishi na kifafa, na karibu asilimia 80 kati yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Shirika hilo linaeleza pia kwamba hadi asilimia 70 ya wagonjwa wanaweza kuishi bila kuanguka iwapo watatambuliwa na kutibiwa ipasavyo. Hata hivyo, katika nchi maskini, wagonjwa watatu kati ya wanne hawapati tiba wanayoihitaji.

Tanzania inao ushahidi wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianzisha kliniki ya kifafa huko Mahenge, Morogoro. Aliwakuta wagonjwa waliotengwa, wanaokula peke yao, wengine wakiwa na makovu makubwa ya moto. Waliungua kwa sababu walianguka jikoni na hakuna aliyethubutu kuwagusa, kwa imani kwamba mate na povu lao huambukiza. Dawa kuu aliyotumia ilikuwa fenobabitali, ambayo hata wakati huo haikuwa mpya wala ghali. Wengi waliacha kuanguka, au walianguka mara chache zaidi. Aliyekuwa hagusiki alirudi shambani na kwenye sahani moja na wenzake. Wanakijiji hawakuhitaji kushinda mjadala juu ya mizimu ili kukubali jambo hilo. Waliona kwa macho yao kwamba anayekunywa vidonge haanguki.

Upande wa degedege habari ni nzito zaidi. Utafiti uliofanywa wilayani Bagamoyo na kuchapishwa mwaka 1996 ulionyesha kwamba jamii ililitambua vizuri degedege na kuliogopa, lakini ililitenga na malaria ya kawaida na kulihusisha na nguvu zisizoonekana. Kwa hiyo safari ya kutafuta tiba mara nyingi ilianzia kwa mganga. Wazazi hao hawakuwa wazembe. Walihangaika usiku kucha kwa ajili ya mtoto wao, ila walihangaika kuelekea mahali pasipo na dawa ya malaria. Kwa mtoto mwenye malaria kali, saa chache hutosha kutenganisha kupona na kufa.

Ndiyo maana sura ya daktari katika filamu hizi inastahili kutazamwa kwa makini kuliko sura ya jini. Mfano maarufu zaidi duniani ni The Exorcist, filamu ya Kimarekani ya mwaka 1973. Msichana mdogo anapelekwa hospitali, anapimwa kwa mitambo ya kutisha, madaktari wanashindwa mmoja baada ya mwingine, na hatimaye mapadri ndio wanaoitwa. Mpangilio huo umerithiwa na filamu za Lagos na za Dar es Salaam. Daktari huonekana mapema, hushindwa haraka, na kushindwa kwake ndiko kunakothibitisha kwamba jini ni wa kweli. Mtazamaji anayeona mpangilio huo mara hamsini hujifunza, bila kufundishwa na mtu, kwamba hospitali ni kituo cha kupitia tu.

Miaka michache baada ya filamu hiyo, Ujerumani ilishuhudia jambo lenye uchungu. Anneliese Michel, mwanafunzi wa chuo, alikuwa ameanza kupata degedege akiwa na umri wa miaka 16 na madaktari walikuwa wamemtambua kuwa na kifafa. Baadaye familia yake iliamini kwamba amepagawa. Kuanzia Septemba 1975 alifanyiwa ibada 67 za kufukuza pepo, huku akiacha kula. Alifariki dunia tarehe 1 Julai 1976 akiwa na umri wa miaka 23 na uzito wa takriban kilo 30, kwa njaa na ukosefu wa maji mwilini. Mwaka 1978 mahakama iliwatia hatiani wazazi wake na mapadri wawili kwa kusababisha kifo kwa uzembe. Haikuwa nchi isiyo na hospitali, wala familia isiyompenda binti yao. Mwaka 2005 Hollywood ilitoa filamu iliyotokana na kisa hicho, The Exorcism of Emily Rose, ambamo swali la pepo liliachwa wazi tena. Msichana aliyekufa kwa njaa akageuka burudani ya jioni, na filamu hiyo nayo inaweza kutazamwa Kinondoni kwa simu ya mkononi.

Hofu yenyewe, mbali na mafunzo yake, nayo ina uzito wake kwa watoto. Mwaka 1975 daktari wa magonjwa ya akili nchini Marekani, James Bozzuto, aliripoti wagonjwa wanne waliopata msukosuko wa akili baada ya kutazama The Exorcist. Mwaka 1994 jarida la kitabibu la Uingereza lilichapisha taarifa ya wavulana wawili wenye umri wa miaka 10 walioathirika kwa muda baada ya BBC kuonyesha, usiku wa tarehe 31 Oktoba 1992, kipindi cha mizimu kilichotengenezwa kwa mtindo wa taarifa ya kweli. Taarifa za namna hii ni za watu wachache na hazithibitishi kwamba filamu huleta wazimu. Watazamaji walio wengi hurudi nyumbani na kulala. Zinachoonyesha ni kwamba mtoto ambaye bado hajaweza kutenga la kweli na la kuigizwa hubeba usiku mzima kile ambacho mtu mzima hukiacha mlangoni.

Usingizi ni mahali ambapo hofu hiyo hupata mwili. Mtu anapoota, ubongo huifunga misuli yake ili asitende anayoyaota. Wakati mwingine fahamu huamka kabla misuli haijafunguliwa: mtu anaona chumba chake, hawezi kusogea, anahisi uzito kifuani na kama kuna mtu amesimama karibu. Waswahili wamelijua jambo hili tangu zamani na kuliita jinamizi. Halina madhara kwa lenyewe, na hupungua mtu akilala saa za kutosha. Lakini anayekabwa na jinamizi hulivisha sura aliyonayo akilini. Mwaka 1995 Pemba na Unguja zilipokumbwa na hofu ya Popobawa, watu walikesha nje kwa makundi wakiota moto, na wapo wachunguzi walioona kwamba mengi yaliyosimuliwa yalifanana na jinamizi. Mtoto wa Tandale aliyetoka kibandani saa nne usiku amepewa sura kamili ya kumvisha mgeni huyo wa kifuani.

Watakuwapo watakaosema kwamba filamu ni filamu na kila mtu anajua ni maigizo. Kwa mtu mzima anayejua kifafa ni nini, hoja hiyo ni sahihi. Lakini kwa mtu ambaye hajawahi kuelezwa na mhudumu yeyote wa afya, filamu ndiyo mwalimu wa kwanza na wa pekee. Wengine watasema dawa ni kupiga marufuku. Tanzania ina Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976, na Bodi ya Filamu huzipanga filamu kwa umri wa watazamaji. Madaraja hayo yakiheshimiwa mlangoni mwa kibanda, watoto wa darasa la tatu watakuwa nyumbani usiku. Zaidi ya hapo, marufuku huihamishia filamu kwenye simu, ambako hakuna mlango wala mlinzi.

Kinachohitajika kwa watengenezaji ni kidogo kuliko wanavyodhani. Jini anaweza kubaki na kutisha kwake kwa kivuli, kwa sauti, kwa kioo kisichorudisha sura, pasipo kuazima povu na mtikisiko wa mgonjwa. Na ikiwa hadithi inamhitaji mgonjwa, basi angalau mara moja daktari na apewe nafasi ya kupatia. Chuo cha tiba kilicho jirani na wasanii kinaweza kusoma muswada wa filamu na kutoa ushauri bila kumnyang'anya mtunzi hadithi yake.

Wahudumu wa afya nao wana deni. Mama anayefika hospitali ya Temeke au Mwananyamala na mtoto mwenye hirizi shingoni hapaswi kupokewa kwa kicheko wala kwa karipio. Akichekwa leo, kesho hatarudi, na vidonge vitaishia njiani. Swali la heshima, kwamba familia inadhani ugonjwa umetoka wapi na imepita wapi kabla ya kufika, hufungua mazungumzo ambayo mashine ya kupima ubongo haiwezi kuyafungua. Dua, kisomo na maombi havigombani na fenobabitali. Kinachogombana nayo ni ushauri wa kuacha dawa ili maombi yafanye kazi, na ushauri huo lazima ukataliwe kwa upole na kwa uthabiti.

Yale ambayo filamu hazionyeshi yanaweza kuelezwa kwa maneno machache. Mtu akianguka na kutikisika, aondolewe vitu vinavyoweza kumuumiza, awekewe kitu laini chini ya kichwa, na alazwe kwa ubavu ili mate yatoke. Asishikwe kwa nguvu. Asitiwe kijiko, kitambaa wala kidole kinywani. Asimwagiwe maji. Povu lake haliambukizi kifafa, na kumgusa si hatari. Saa itazamwe: hali ikizidi dakika 5, au akianguka tena kabla ya kupata fahamu, apelekwe hospitali mara moja. Degedege linalotokana na homa huwapata zaidi watoto wa miezi 6 hadi miaka 5, na mtoto mwenye homa aliyepata degedege hana muda wa kusubiri asubuhi, kwa sababu nyuma ya degedege hilo huenda ikawa malaria kali au homa ya uti wa mgongo. Anayeanguka mara kwa mara aanze kliniki, na dawa isiachwe bila idhini ya daktari hata kama miezi imepita bila kuanguka.

Filamu za mizimu zitaendelea kuonyeshwa Tandika na Tandale, na watu wataendelea kuzifurahia. Hilo si la kusikitisha. La kusikitisha ni mtoto anayelala chini uwanjani huku duara la wenzake likizidi kupanuka. Mwalimu mmoja akiijua kazi yake, atapita katikati ya duara hilo, atapiga magoti, atamgeuza mtoto kwa ubavu, na atatazama saa. Wanafunzi mia moja watakuwa wameona kwamba alimgusa na hakudhurika.